Je, Wajua? Mnyororo wa Nanga Huamuliwa na Gurudumu

Mnyororo wa zamani umeliwa na kutu. Unakwenda dukani, unaomba "milimita 10", unapewa milimita 10, unalipa. Jioni unaufikisha chomboni, unabonyeza swichi ya winchi, na mnyororo mpya unaruka juu ya gurudumu, unakwama, unaruka tena. Muuzaji hakukudanganya, na winchi si mbovu. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla pesa haijatoka mfukoni.

PETE NA RULA

Je, wajua kwamba hiyo "milimita 10" ni unene wa chuma kilichokunjwa kuwa pete, basi? Haisemi lolote kuhusu urefu wa pete wala upana wake. Winchi nayo huuliza urefu kwanza.

Wajua kwamba urefu unaotakiwa ni ule wa ndani ya pete, toka ukingo wa ndani wa ncha moja hadi ukingo wa ndani wa ncha ya pili? Huo ndio umbali ambao kila pete huuongeza kwenye mnyororo ulionyooshwa. Chuma kilichobaki nje ya hapo kimeshaingia ndani ya pete jirani.

Wajua kwamba kuna milimita 10 za aina mbili? Kwa kiwango cha Kijerumani, DIN 766, pete ya mnyororo huo ina urefu wa ndani wa milimita 28. Kwa kiwango cha kimataifa, ISO 4565, ni milimita 30. Unene ni mmoja, rangi ni moja, na ikitundikwa pamoja dukani hutaitofautisha kwa macho.

Wajua kwamba milimita 8 haina ugomvi huo? Viwango vyote viwili vimekubaliana kwa milimita 24. Ndiyo maana mwenye chombo kidogo anaweza kukaa miaka mingi bila kusikia habari ya tatizo hili, hadi siku anaponunua chombo kikubwa zaidi.

Je, milimita 2 ni kitu gani hata zilete balaa? Tazama gurudumu la winchi kwa karibu. Lina mashimo yaliyochongwa kwa umbali maalumu: pete moja hulala shimoni, inayofuata husimama wima katika mfereji wa katikati, na ya baada ya hapo hulala tena. Sasa weka mnyororo wa milimita 30 kwenye gurudumu la 28. Pete ya kwanza inakaa vizuri. Ya pili imeshachelewa milimita 2, ya tatu milimita 4. Ikifika ya sita, tofauti ni milimita 10, yaani unene mzima wa chuma cha pete. Hapo haiingii shimoni tena, inapanda juu ya jino, na mnyororo wote unateleza. Ni sawa na cheni ya baiskeli uliyoifunga kwenye gia isiyo yake: inazunguka kidogo, halafu inachomoka pale unapokanyaga kwa nguvu.

Wajua kwamba rula ya mwanafunzi inatosha kumaliza mjadala? Nyosha pete 10 za mnyororo wa milimita 10 juu ya sakafu, upime toka ncha ya nje ya pete ya kwanza hadi ncha ya nje ya pete ya kumi. Ukipata sentimita 30, huo ni wa DIN. Ukipata sentimita 32, huo ni wa ISO. Hesabu yake ni nyepesi: urefu wa ndani mara kumi, jumlisha unene wa chuma mara mbili. Mnyororo wa milimita 8 kwa hesabu hiyohiyo utakupa sentimita 25 na milimita 6.

Wajua kwamba kipimo hicho kisichukuliwe mahali popote tu? Sehemu iliyo karibu na nanga ndiyo inayoburutwa mchangani kila siku, kwa hiyo pete zake zimelika pale zinaposuguana na mnyororo umerefuka. Nenda ndani kabisa ya chumba cha mnyororo, mwisho usioona jua, upime huko. Ukipima sehemu iliyochoka, unaweza kununua mnyororo wa kufanana na uchakavu.

Wajua kwamba Wamarekani wana viwango vyao vya inchi, na huko nako jina moja hubeba pete mbili? Mnyororo wa inchi 3/8 wa aina ya BBB una pete fupi, urefu wa ndani ukikaribia milimita 28. Ule wa aina ya G43, wa inchi 3/8 vilevile, unakaribia milimita 31. Chombo kilichotoka Florida kikaja kuuzwa Kilifi au Zanzibar huja na gurudumu lililochongwa kwa mnyororo wa kwao.

Wajua kwamba mara nyingi jibu limechongwa kwenye gurudumu lenyewe? Chukua brashi, safisha chumvi na grisi ubavuni, utafute namba au herufi ndogo. Ziandike pamoja na jina na modeli ya winchi. Mtengenezaji akipata hizo anaweza kukuambia ni mnyororo gani gurudumu hilo lilichongewa. Zikiwa zimefutika, kata kipande cha mnyororo wa zamani ambao ulikuwa unakwenda vizuri, uende nacho dukani.

Wajua kwamba unaweza kubadili gurudumu ukaacha winchi? Lewmar, Maxwell na Lofrans, kwa mfano, huuza magurudumu ya vipimo mbalimbali kwa winchi moja. Kama mnyororo unaopatikana kwenu ni wa ISO tu, linganisha bei ya gurudumu jipya na gharama ya kuagiza mnyororo wa DIN toka ng'ambo. Chuma ni kizito, na nauli hulipwa kwa kilo.

Wajua kwamba si kila mnyororo wenye pete fupi unafaa winchi? Mnyororo wa winchi hupimwa kiwandani ili kila pete iwe sawa na mwenzake. Ule wa duka la vifaa vya ujenzi, wa kufungia geti, haudaiwi usawa huo. Pete moja ndefu kati ya hamsini inatosha kuukwamisha.

NGUVU YAKE IMEKAA WAPI

Je, wajua maana ya namba 30, 40 na 70 zinazoandikwa baada ya herufi G? Izidishe kwa 10, upate newtoni ambazo kila milimita ya mraba ya chuma hubeba kabla pete haijakatika. G40 ni newtoni 400. G70 ni 700.

Wajua kwamba nguvu ya mnyororo unaweza kuikokotoa mwenyewe? Pete ina mbavu mbili, kwa hiyo chuma kinachobeba mzigo ni mara mbili. Kwa milimita 10, kila ubavu una eneo la milimita za mraba 78.5, mbavu zote mbili 157. Zidisha kwa 400 za G40: newtoni 62,800, sawa na tani 6.4 hivi. Hapo ndipo mnyororo hukatika. Mzigo wa kazi ya kila siku ni sehemu ndogo tu ya huo.

Wajua kwamba mnyororo mwembamba unaweza kumshinda mnene? Milimita 8 wa G70 hukatika kwenye tani 7.2 hivi, zaidi ya ule wa milimita 10 wa G40. Uzito wake ni kilo 1.4 hivi kwa mita, dhidi ya kilo 2.3. Kwa mita 60 unaondoa zaidi ya kilo 50 omoni, na chombo kinakwenda na mawimbi kwa wepesi zaidi. Gharama yake ni gurudumu jipya la milimita 8, na shakeli ya kulingana nao.

Wajua kwamba shakeli ndiyo huwaumbua wengi? Pini yake sharti ipite ndani ya pete, na pete ya mnyororo mwembamba ina nafasi finyu. Ukiweka shakeli ndogo ya chuma cha kawaida kwenye mnyororo wa G70, umelipia tani 7 ukabaki na nguvu ya shakeli.

Wajua kwamba shakeli ya kuungia mnyororo katikati haipiti kwenye gurudumu? Itakwama palepale. Zipo pete maalumu za kuungia, zinazofungwa kwa kugongwa nyundo, ila nyingi ni dhaifu kuliko mnyororo wenyewe. Anayeweza kununua urefu mmoja usiokatwa, anunue huo.

Wajua kwamba milimita moja ya uchakavu ni kubwa? Pete ya milimita 10 ikilika ikabaki 9, imepoteza asilimia 19 ya chuma chake, kwa sababu eneo hupungua haraka kuliko unene. Kwa meli kubwa, vyama vya ukaguzi huamuru mnyororo ubadilishwe wastani wa unene unapopungua kwa asilimia 12.

Wajua kwamba mnyororo unaweza kugeuzwa kichwa chini? Ncha iliyokuwa chomboni unaifunga kwenye nanga, ya nangani inaingia ndani. Uchakavu unagawanyika pande zote mbili, na unapata miaka ya ziada bila kununua kitu.

Wajua kwamba mnyororo wa chuma kisichoshika kutu, unaong'aa, haupendi matope? Hujikinga kwa utando mwembamba unaohitaji hewa ya oksijeni. Ukifukiwa kwenye matope ya mto au mkoko kwa muda mrefu, oksijeni hukosekana, na kutu ya siri huchimba vishimo vidogo ambavyo jicho halivioni. Ule wa kuchovywa zinki hukuonya mapema: huanza kuonyesha madoa ya kahawia.

WINCHI NAYO INA YAKE

Je, wajua kwamba kuna winchi zinazoshika mnyororo vizuri kuliko nyingine kwa umbo lake tu? Winchi ya kusimama, ambayo injini yake iko chini ya sitaha, huuzungusha mnyororo karibu nusu ya gurudumu, nyuzi 180. Ya kulala hushika robo tu, nyuzi 90. Pete zinazoshikwa ni chache, hivyo kosa la kipimo huonekana mapema zaidi.

Wajua kwamba winchi haikuundwa kuvuta chombo? Kazi yake ni kuinua mnyororo na nanga. Chombo hupelekwa mbele taratibu kwa injini yake, mnyororo ukalegea, ndipo winchi ikaula. Nahodha anayebonyeza swichi huku upepo wa kusi umemkaza anaunguza mota.

Wajua kwamba wengi huchagua winchi kwa kanuni ya mara tatu? Jumlisha uzito wa mnyororo wote na nanga, uzidishe kwa 3. Mita 60 za milimita 10 ni kilo 138, nanga ya kilo 20 inafanya 158. Mara tatu ni kilo 474, na winchi iwe na uwezo wa kuvuta usiopungua hapo. Ukiongeza mita au unene bila kurudia hesabu hii, winchi ya jana inakuwa ndogo leo.

Wajua kwamba winchi haiinui mnyororo wote kwa mpigo? Huinua ule unaoning'inia tu. Uliobaki umelala chini. Kwenye kina cha mita 20, mnyororo wa milimita 10 unaoning'inia ni kilo 46 hivi, na maji huupunguzia asilimia 13 ya uzito wake.

Wajua kwamba mota ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 hula zaidi ya ampea 80? Kwa nyaya nyembamba umeme hupotea njiani, winchi inazunguka kivivu, na lawama hurushiwa mnyororo mpya. Washa injini ya chombo kabla ya kung'oa nanga.

Wajua kwamba chombo kikilala nangani usiku, mzigo usiachiwe winchi? Funga kizuizi cha mnyororo, au kamba ya nailoni yenye ndoano iliyoshika pete moja, uifunge kwenye nguzo ya sitaha. Nailoni hunyumbuka wimbi linapokuja, gia za winchi hazinyumbuki.

Wajua kwamba gurudumu nalo huchakaa? Mashimo hupanuka, meno hulika kingo. Mnyororo mpya sahihi kabisa unaweza kuruka kwenye gurudumu la zamani. Na mabonge ya zinki yaliyogandia kwenye pete mpya huweza kufanya vivyo hivyo, hadi yalike kwa matumizi.

Wajua kwamba kuruka mwishoni mwa kuvuta, chumba kikianza kujaa, si lazima kuwe kosa la kipimo? Mnyororo huanguka mahali pamoja ukajenga kichuguu kinachofika hadi mdomo wa tundu, ukakosa pa kwenda, ukarudi juu na kuziba gurudumu. Acha angalau sentimita 30 za hewa kati ya tundu na kilele chake.

KABLA YA WINCHI ZA UMEME

Je, wajua kwamba mnyororo wa nanga ni wa kale? Julius Caesar aliandika kwamba Waveneti, mabaharia wa Gaul aliopigana nao mwaka 56 KK, walifunga nanga zao kwa minyororo ya chuma badala ya kamba.

Wajua kwamba hata hivyo Ulaya ilibaki na kamba za katani kwa karne nyingi baadaye? Matumbawe hayakuzionea huruma. Mwaka 1768 Mfaransa Bougainville alipotia nanga Tahiti, kamba zake zilikatwa na miamba ya chini, akapoteza nanga 6.

Wajua kwamba mnyororo ulirudi kwa nguvu kupitia ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Samuel Brown, aliyeupatia hataza mwaka 1808? Miaka mitano baadaye, mwaka 1813, Thomas Brunton aliipatia hataza pete yenye kijiti cha kuvuka katikati. Kijiti hicho huzuia pete isipondeke na mnyororo usijifunge mafundo, na hadi leo hutumika kwenye meli kubwa.

Wajua kwamba Uingereza ilipitisha sheria ya kuilazimisha minyororo na nanga ijaribiwe kabla ya kuuzwa mwaka 1864? Mabaharia walikuwa wameshalipa kwa roho zao minyororo iliyochomelewa ovyo.

Wajua kwamba nanga ya katikati ya meli Titanic, yenye uzito wa zaidi ya tani 15, ilitengenezwa Netherton, Uingereza, na kiwanda cha Noah Hingley? Mwaka 1911 ilikokotwa na farasi 20 kutoka kiwandani hadi stesheni ya treni.

Wajua kwamba urefu wa mnyororo wa meli bado huhesabiwa kwa pima 15? Kila kipande ni mita 27.5, na pete zilizo karibu na kiungo hupakwa rangi ili sarahangi ahesabu vipande vinavyotoka. Mwenye chombo kidogo naye hupaka alama kila mita 10.

BAMVUA NA MATUMBAWE

Je, wajua kwamba urefu wa mnyororo pwani yetu huamuliwa na mwezi? Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa na Unguja hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Tuseme umetia nanga maji yakiwa yametoka, kina mita 5, na omo iko mita 1 juu ya maji. Ukitoa mara tano ya hiyo mita 6, umetoa mita 30. Maji yakijaa kwa mita 3, jumla inakuwa mita 9, na mnyororo wako sasa ni mara tatu na kidogo tu. Nanga inavutwa kwenda juu, inalegea. Kwa kina hicho, hesabu ya haki ilikuwa mita 45.

Wajua kwamba upepo ukikaza, uzito wa mnyororo hauokoi sana? Hunyooka wote ukabaki mstari. Kinachokulinda ni urefu uliotoa na nanga iliyozama vizuri. Ndiyo maana kilo ulizopunguza omoni kwa kuchagua G70 unaweza kuzirudisha kwa mita za ziada.

Wajua kwamba mnyororo hushinda kamba kwenye matumbawe, lakini matumbawe hushindwa na mnyororo? Chombo kikizunguka na mkondo, mnyororo hufagia chini na kuvunja kilichochukua miaka mingi kuota. Penye boya la kufungia, funga boyani. Pasipo na boya, tafuta mchanga.

NCHA YA MWISHO

Je, wajua kwamba ncha ya ndani ya mnyororo haifungwi chomboni kwa shakeli? Hufungwa kwa kamba imara, ndefu ya kutosha kufika sitahani. Siku ya dharura, mnyororo wote ukiwa nje na chombo kingine kinakujia, unakata kamba kwa kisu na kuondoka. Shakeli iliyoshika kutu haina kisu.

Wajua kwamba ukienda dukani na karatasi yenye mambo matano hutarudi na mnyororo wa kuuza tena? Andika unene wa chuma, urefu wa pete 10 toka ncha hadi ncha, maandishi ya gurudumu pamoja na modeli ya winchi, gredi (ile namba ya G) unayotaka, na mita unazohitaji. Kabla ya kukatiwa, omba kipande cha mnyororo huohuo ukakijaribu kwenye gurudumu kwa mkono, winchi ikiwa imezimwa: kila pete inayolala iingie shimoni bila kulazimishwa, na itoke bila kung'ang'ania. La sita ni bei, nalo huulizwa baada ya hayo matano.